Binti Anapotaka Kusomea Historia

Ilikuwa Alhamisi, siku ya ibada ya akina mama. Sala ya kufunga ilikuwa imekwisha, sadaka imehesabiwa, na wenzetu wengi walikwisha kushika njia ya nyumbani. Mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma akipanga viti ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Tulijua ana neno.

Tulipomkalisha chini alitueleza kwamba nyumbani kwake amani imetoweka. Binti yake wa kwanza amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri, na sasa yampasa kuchagua masomo ya chuo kikuu. Baba alitazamia sheria, au angalau uhasibu. Binti amesema historia. “Historia!” baba alifoka. “Hao wafalme wa Ulaya waliokufa zamani ndio watakaowalipia wadogo zako ada?” Tangu siku hiyo baba na binti hawasemezani, na mama yu katikati.

Mama huyo alituomba tukazungumze na binti, maana amekua akituona katika sare zetu za uuguzi na huenda angetusikia. Tunakiri mbele yenu, wasomaji wapenzi, kwamba tulikwenda tukiwa upande wa baba.

Tulianza kumweleza binti habari za ajira na mishahara. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: “Mama mdogo, mgonjwa akifika zahanati, huwa mnaanza na dawa?” Tukamjibu kwamba la, kwanza tunachukua historia yake: alianza kuumwa lini, amewahi kuugua nini, na katika ukoo wao kuna maradhi gani. Binti hakusema zaidi. Alitumiminia chai nyingine, akatuomba jambo moja tu: tukasome habari za Mathias Mnyampala wa Ihumwa, kisha turudi tumwambie kama kazi aliyoifanya ni ya bure.

Jina hilo tulilijua. Nani kati yetu hakuwahi kusimama mbele ya wageni wa shule akisoma ngonjera? Mnyampala ndiye aliyezipa ngonjera umaarufu. Lakini kwamba alikuwa pia mwanahistoria, hilo hatukulijua, ingawa tunaishi Dodoma na Ihumwa tunapita kila tunapokwenda Morogoro.

MTOTO WA MWAKA WA VITA

Leo ukipita Ihumwa utaona malori, maduka, na mbele kidogo majengo ya Mji wa Serikali pale Mtumba. Mnyampala alipozaliwa huko mwaka 1917, nyumba zilikuwa tembe na utajiri wa mtu ulihesabiwa kwa ng'ombe. Naye kama watoto wenzake alichunga mifugo kabla ya kuonja shule. Alisoma kwa wamisionari Wakatoliki, akabatizwa, akawa mwalimu katika shule za misheni. Baadaye aliajiriwa serikalini akiwa karani, akapanda hata kuwa liwali na hakimu.

Angaliweza kuridhika na mshahara na heshima hiyo. Wengi wetu tungeridhika. Yeye alitumia nafasi yake kusikiliza. Kazi ya karani na ya hakimu humkutanisha mtu na wazee, na kesi za mashamba, mahari na urithi haziamuliwi bila kujua nani ni wa ukoo gani na babu yake alitoka wapi. Mnyampala aliyakusanya masimulizi hayo na kuyaandika. Mwaka 1954 kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichapishwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki.

Humo alieleza jinsi koo za Wagogo zilivyotoka pande mbalimbali na kukutana katika nchi hii kavu, jinsi watemi walivyotawala na kushughulikia mvua, na taratibu za ndoa na jando. Aliandika kwa Kiswahili, ili Mtanganyika wa kabila lolote aweze kusoma.

Hakuwa na shahada. Tanganyika yenyewe haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Alikuwa na kalamu, masikio na uvumilivu. Mwaka 1995 kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza, kimefasiriwa na Profesa Gregory Maddox wa Marekani, na hivyo wasomi wa mbali wakapata kuwajua Wagogo kwa maneno ya Mgogo mwenyewe.

VITA YA ULAYA KATIKA VYUNGU VYA UGOGO

Baba wa binti yetu aliuliza wafalme wa Ulaya wanatuhusu nini. Tuutazame tena mwaka ule wa 1917.

Mwaka 1914 mataifa ya Ulaya yaliingia vitani. Nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, na Kenya chini ya Waingereza, kwa hiyo vita ikaletwa hadi kwetu. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo kwa ajili ya majeshi yao, wakachukua na wanaume wawe wapagazi. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma. Nao walihitaji nyama, nafaka na wapagazi, wakachukua vilivyobaki. Kisha mvua zikakosekana.

Ugogo ulikuwa umezoea ukame. Mwaka wa mvua haba, mtu aliuza ng'ombe akapata mtama kwa jirani, au alifungua ghala la mwaka uliopita. Safari hii ng'ombe hawakuwapo, ghala lilikuwa tupu, na vijana wenye nguvu za kulima walikuwa njiani wamejitwisha mizigo ya askari. Njaa hiyo ya mwaka 1917 hadi 1920 inaitwa Mtunya. Mwishoni mwa 1918 homa kali ya mafua iliyoenea duniani kote ilifika pia. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria ni kwamba katika wilaya ya Dodoma, kati ya watu wapatao 150,000, walikufa watu kama 30,000. Yaani mtu mmoja katika kila watano. Ukitaka kuelewa hesabu hiyo, wahesabu walioketi mezani kwako leo jioni.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba utapiamlo una sababu ya karibu na sababu ya mbali. Ya karibu ni sahani tupu. Ya mbali yaweza kuwa maili elfu nyingi, katika mji ambao mama wa Ihumwa hajawahi kuusikia. Anayesomea historia ya Ulaya akiwa amezaliwa Dodoma hasomi habari za wageni tu. Anatafuta pia jibu la swali la bibi yake: chakula chetu kilikwenda wapi?

PROFESA ALIYESEMA HATUNA HISTORIA

Katika kusoma kwetu tulikutana na mwanahistoria mwingine. Tunawaeleza habari zake kwa sababu zina mafundisho.

Hugh Trevor-Roper alizaliwa Uingereza mwaka 1914, miaka mitatu tu kabla ya Mnyampala. Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945, yeye alikuwa afisa wa upelelezi, akapewa kazi ya kuchunguza Hitler alikufaje. Aliwatafuta waliokuwa karibu na Hitler siku za mwisho, akawahoji, akalinganisha maneno yao. Kutokana na kazi hiyo alitoa kitabu mwaka 1947 kilichompa sifa kubwa. Mwaka 1957 akawa Profesa wa Historia ya Kisasa katika Chuo Kikuu cha Oxford, moja ya nafasi za juu kabisa ambazo mwanahistoria wa Ulaya aweza kuzipata.

Mwaka 1963 profesa huyu alitoa mihadhara ambamo alisema kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa. Labda siku za mbele itakuwapo, alisema, ila kwa wakati ule ilikuwapo historia ya Wazungu katika Afrika, na mengine yote ni giza.

Mwaka 1963! Kitabu cha Mnyampala kilikuwa na umri wa miaka tisa.

Sisi hatukulielewa jambo hili mara moja. Mtu huyu alipata sifa kwa kuwasikiliza mashahidi na kuyapima maneno yao. Alijua vizuri kwamba ushuhuda wa mdomo ni kitu cha kweli ukipimwa. Kwa nini basi wazee wa Ugogo wasiwe mashahidi? Yafaa kujiuliza hivyo hata majumbani mwetu, maana sisi nasi huamini la mgeni aliyevaa suti, tukampuuza bibi anayepepeta mtama uani.

Mwaka 1983 gazeti moja la Ujerumani lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler, madaftari zaidi ya hamsini yaliyoandikwa kwa mkono. Trevor-Roper aliitwa ayatazame. Aliliona rundo lile, akashawishika, akasema ni ya kweli. Baadaye akaingiwa na shaka, lakini neno lilikwisha kutoka. Maabara ilipopima karatasi, gundi na wino, ilionekana kwamba vitu hivyo vilitengenezwa baada ya Hitler kufa. Shajara zilikuwa za kughushi. Profesa alikiri kosa lake hadharani.

Hatuandiki haya ili kumcheka. Katika wodi nasi tumeona mganga hodari akikosea kwa kutazama haraka, naye muuguzi mdogo akapatia kwa sababu alimuuliza mgonjwa mara ya pili. Elimu ni kubwa, lakini haimwondolei mtu kazi ya kuuliza na kupima. Mwinjili Luka, ambaye Maandiko yanamwita tabibu, anaanza kitabu chake kwa kueleza kwamba alichunguza mambo yote kwa uangalifu tangu mwanzo, akiwafuata walioyaona kwa macho yao. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria.

Hapa kwetu jibu kwa profesa lilitolewa kwa kazi. Mwezi wa Oktoba 1965 wanahistoria wa Afrika walikutana Dar es Salaam katika mkutano wa kimataifa. Mwaka 1969 wasomi wetu wawili, Isaria Kimambo na Arnold Temu, walihariri kitabu cha historia ya Tanzania yote. Kimambo, mwana wa Upare, aliandika pia historia ya Wapare akitumia masimulizi ya wazee, na baadaye akawa Mtanzania wa kwanza kusimamia taaluma yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka huo huo wa 1969 Mnyampala alifariki dunia. Alikuwa ametunga pia tenzi za Injili na za Zaburi, na kuongoza chama cha washairi, UKUTA. Habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe, Maisha ni Kugharimia, zilichapishwa mwaka 2013. Karatasi zile zingefungiwa maandazi, leo tungekuwa hatuna kitu.

MISTARI SITA YA MAMA MKWE

Sasa tuseme habari zetu wenyewe, maana hatupendi kuwafundisha wengine tukajiacha.

Mama mkwe wetu aliishi nasi miaka kumi na mmoja. Alikuwa mkunga wa jadi kijijini kwao kabla ya macho kufifia. Jioni, akichambua mlenda, alikuwa akianza kusema: “Mwaka ule wa njaa, mama yangu alipotubeba...” Nasi tulikuwa na zamu ya usiku, au kikao cha kwaya, au nguo za kupiga pasi. Tulimwambia, “Mama, utatusimulia Jumapili.” Jumapili zilipita nyingi.

Alipofariki, usiku ule wa msiba tuliketi ndani kuandika historia ya marehemu, kama ilivyo desturi, isomwe kabla ya mahubiri. Mwaka wa kuzaliwa? Hakuna aliyejua. Mama yake alitoka wapi? Mmoja alisema Mpwapwa, mwingine Manyoni. Alizalisha watoto wangapi? Walikuwapo pale uani watu wazima waliopokewa na mikono yake, lakini hakuna aliyewahi kuhesabu. Njaa ile ilikuwa ipi, na mama yake aliwabeba kutoka wapi kwenda wapi? Kimya.

Historia ya marehemu ilikuwa mistari sita. Mwanamke aliyeishi zaidi ya miaka themanini! Karatasi ilisomwa kwa muda usiotosha kuwasha jiko la mkaa. Tulikuwa na diploma, tulikuwa na kalamu mfukoni mwa sare kila siku, na tulikuwa na shahidi ndani ya nyumba. Tulikosa kuuliza tu.

Vitabu vingi vya zamani vimeandikwa na wanaume waliowauliza wanaume. Watemi wamo, vita vimo, mipaka imo. Lakini mama alipika nini mwaka wa njaa, alimficha wapi mtoto askari walipokuja, alijifungua vipi safarini, hayo yamo vichwani mwa bibi zetu. Mwenye kuyajua akiondoka, yamekwenda naye.

BABA ALIANZA KUSEMA

Turudi kwa binti. Hatukurudi kwake na hotuba. Tulimshauri ajifanyie mtihani: achukue daftari, amwendee baba yake mwenyewe, amwulize habari za babu.

Siku mbili alisitasita. Siku ya tatu, mama alitusimulia, binti aliketi karibu na baba baada ya kazi akamwuliza kwa upole: “Baba, ni kweli babu alifanya kazi Kongwa?” Baba alinyamaza. Halafu akaanza. Baba yake alikuwa kibarua katika mpango wa karanga wa Kongwa, akikata miti na kung'oa visiki. Alikumbuka alivyosimuliwa ukubwa wa matrekta, ugumu wa udongo ukikauka, na majembe ya mashine yaliyokuwa yakivunjika. Hakujua kwa nini Waingereza walizitaka karanga kwa nguvu namna ile, wala kwa nini waliondoka.

Binti alijua. Alikuwa amesoma shuleni kwamba baada ya vita vya pili Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kupikia, na serikali yao ikaanzisha mpango ule mwaka 1947 ili karanga zitoke kwetu. Mvua ya Kongwa haikutosha, udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Baba alisikiliza. Kumbe jasho la baba yake lilikuwa na uhusiano na kikaango cha mama wa London. Ugali ulipoa mezani, na hakuna aliyejali.

Hatutaki kuwadanganya kwamba baba aligeuka siku moja. Alikubali kwa sharti: binti asome historia pamoja na ualimu, ili akimaliza awe na kazi ya mikono miwili. Sisi twaona ni busara. Mnyampala naye alianza na chaki, na hapa hapa Dodoma mwalimu mstaafu Ernest Kongola alitumia miaka yake ya kustaafu kukusanya historia za koo, hata mwaka 2006 kikatoka kitabu alichoshirikiana na Profesa Maddox. Tena walimu wa somo hili wanahitajika: mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ziko pia kazi za nyaraka, makumbusho, utalii na uandishi wa habari. Si kazi za utajiri wa haraka, wala ajira si rahisi, na binti aambiwe hivyo wazi. Lakini si kazi za bure.

Na wewe mama, huhitaji shahada. Chukua daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki, ufanye haya:

1. Anza na aliye mzee kuliko wote nyumbani, na uanze wiki hii. Muulize akiwa anafanya kazi ya mikono; maneno huja yenyewe.

2. Usimwulize alizaliwa mwaka gani. Muulize kulikuwa na nini: njaa gani, vita gani, mtemi gani, kabla au baada ya Uhuru wa 1961. Mwaka utaupata mwenyewe.

3. Uliza maana ya majina. Aliyeitwa Shida au Tabu hakuitwa bure.

4. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kigogo, Kirangi au Kiswahili. Andika tarehe na jina la msimulizi.

5. Mkiwapata wasimulizi wawili wanaopingana, andika yote mawili. Usichague kwa haraka kama yule profesa.

6. Uliza pia maradhi ya ukoo: kisukari, shinikizo la damu, siko seli. Hili twalisema kama wauguzi. Daftari hilo laweza kuokoa maisha ya mjukuu.

7. Siri ya mtu iheshimu. Akisema hili usiandike, funga kalamu.

Sisi tumeanza na mama yetu mzazi, ambaye bado yupo, namshukuru Mungu pamoja na ndugu zetu wote. Ana miaka sabini na tisa, au themanini. Tunaendelea kulipima hilo. Daftari limefika ukurasa wa ishirini na tatu. Jana alituambia jina la bibi yake, ambalo hatukuwahi kulisikia maishani, kisha akasema amechoka, tumwache alale, atamalizia kesho.

Kesho hatuna zamu. Tutakuwapo.